Asiyekuwapo na Lake Halipo

(Hotuba ya Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Nawashukuru kwa kunipa nafasi niseme machache kabla ya kusomwa hesabu za mwaka. Mwakumbuka kwamba mwaka jana Chama kilimzika mjomba wangu, kikatoa gari na sanduku. Mzee huyo aliumwa mgongo na mifupa kwa muda mrefu, akiambiwa kuwa ni uzee. Ilipojulikana kuwa ni mailoma, yaani kansa ya damu ikaayo ndani ya uboho wa mifupa, ugonjwa ulikuwa umekwisha mshinda. Siku zile aliletewa karatasi ya kuomba damu yake itumiwe katika utafiti. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, na hakuna aliyemfasiria. Mzee akakataa. Mimi nilikuwapo, nami nikanyamaza. Ndiyo sababu nasema leo.

Ndugu zangu, huko Marekani mailoma huwapata watu weusi kiasi cha mara mbili kuliko weupe. Katika kila wagonjwa 100 wa maradhi hayo, kama 20 ni weusi. Lakini serikali ya huko ilipoyatazama majaribio ya dawa mpya, ilikuta weusi ni 4 au 5 tu katika kila 100. Dawa yajaribiwa kwa mmoja, kisha yanywewa na mwingine.

Mtu aweza kuuliza, je, damu si damu? Ni kweli, mtu aweza kuongezewa damu ya mtu wa taifa lolote, maadamu aina zao zapatana. Walakini yako mambo madogo yenye uzito. Watu wengi wa asili ya Afrika hawana, juu ya chembe nyekundu za damu, alama iitwayo Duffy. Kuikosa ni kinga ya aina moja ya malaria, iitwayo vivax. Watu hao huwa na hesabu ndogo ya baadhi ya chembe nyeupe, nao ni wazima kabisa. Lakini kipimo cha kawaida kiliwekwa kwa kuwatazama zaidi Wazungu. Kwa hiyo weusi wengine wamezuiliwa kuingia katika majaribio, au wamepunguziwa dawa, kwa kudhaniwa dhaifu ilhali si dhaifu.

Na uboho ni vivyo hivyo. Mgonjwa anayehitaji uboho wa mwingine hutafutiwa mtu mwenye alama za mwili zifananazo na zake, na mara nyingi huyo hupatikana miongoni mwa watu wa asili yake. Katika daftari la Marekani la watu waliojitolea, mweupe ana nafasi karibu 80 katika 100 ya kumpata wa kufanana naye. Mweusi hafiki 30.

Najua hofu ya wazee si ya bure. Katika jimbo la Alabama, tangu mwaka 1932 hata 1972, mamia ya wanaume weusi wenye kaswende waliachwa na wachunguzi wa serikali bila kutibiwa, hata penisilini ilipokwisha patikana. Aliyesikia habari hiyo akaogopa, si mjinga.

Tena hapa kwetu tunao mfano. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari Denis Burkitt aliwaona watoto wenye uvimbe wa taya. Mwaka 1958 aliandika habari zao. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr, huko London, waliona kirusi katika chembe za uvimbe huo zilizotoka Uganda. Baadhi ya watoto walipona kwa dawa peke yake, na madaktari wa dunia nzima wakajifunza. Lakini hata leo mtoto wa Ulaya ana nafasi kubwa zaidi ya kupona ugonjwa huo kuliko mtoto wa kwetu. Basi kuhesabiwa peke yake hakutoshi; yapasa tudai na fungu letu.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. La kwanza, mwanachama akiombwa kuingia katika utafiti, asiende peke yake. Chama kimpe mtu wa kumsomea karatasi na kuuliza: Faida ni ya nani? Naweza kujitoa? Dawa ikifaa, nitaipata? La pili, maumivu ya mifupa na upungufu wa damu usiokwisha yasiitwe uzee kabla ya kupimwa. La tatu, sehemu ya fedha za mazishi itengwe kuwa nauli ya hospitali na gharama ya vipimo.

Kumzika mwenzetu kwa heshima ni wajibu, nasi hatutauacha. Lakini gari tulilomkodia mjomba wangu akiwa maiti lingaliweza kumchukua akiwa hai. Asiyekuwapo na lake halipo. Naomba mkutano huu uamue.