Kabla Hujatia Saini ya Corvette
Msikilizaji, leo tunaitazama Chevrolet Corvette, gari la michezo la Marekani. Toleo la 2020, la kwanza kuuzwa likiwa na injini nyuma ya dereva, lilianzia chini kidogo ya dola 60,000. Kufikia toleo la 2024, bei ya kuanzia ilikaribia dola 70,000, na injini ilikuwa ile ile ya V8, lita 6.2.

Kisha kuna nyongeza. Kifurushi cha Z51, kilichouzwa dola 5,000 mwaka 2020, kina breki kubwa zaidi, matairi yanayoshika barabara vizuri, upoozaji bora na ekzosi inayopandisha nguvu kutoka farasi 490 hadi 495. Usikinunue kwa ajili ya farasi hao watano! Breki na upoozaji ndivyo vyenye thamani, hasa kwa anayekimbiza gari uwanjani. Anayekwenda nalo kazini tu, heri fedha hizo azitenge kwa bima na matairi. Paa la kukunjwa nalo liliongeza dola 7,500.

Na wapo wauzaji wanaopandisha bei juu ya ile ya kiwanda. Dai jumla yote kwa maandishi, pamoja na usafirishaji, kodi na usajili.