Nyumba Yenye Kambi Mbili

Tunawasalimu ninyi mlio nyumbani, ninyi mlio safarini, na ninyi akina mama wa Kiogoro ambao saa hii mko katikati ya majani chai, redio ndogo ikiwa ndani ya kikapu. Fungu letu la leo ni kitabu cha Mwanzo, sura ya 16. Aliye na Biblia karibu na aifungue. Asiye nayo asihangaike, tutalisimulia.

Lakini kabla ya kufika huko, tunaomba ruhusa ya kuwapeleka kwanza kwenye sinema. Tunajua wako wazee wetu watakaokunja uso, maana walipookoka walifundishwa kwamba sinema ni mambo ya dunia. Hatuna ugomvi nao. Hata hivyo sinema tunayoitaja haina aibu yoyote. Ni ile ya simba jike Elsa, iitwayo Born Free, iliyotolewa mwaka 1966 na kupigwa papa hapa Kenya. Habari yake wengi wenu mnaikumbuka. Mwaka 1956, Bwana George Adamson, aliyekuwa afisa wa wanyama wa pori katika wilaya za kaskazini, alimpiga risasi simba jike aliyemrukia, kisha akakuta kwamba ameacha watoto watatu wadogo. Yeye na mkewe Joy wakawalea. Wawili walipelekwa bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi, na mmoja, yaani Elsa, akafundishwa kuwinda na kurudishwa porini huko Meru. Akazaa watoto wake mwenyewe, na bado akawa akirudi kuwatembelea waliomlea. Alikufa kwa ugonjwa mwanzoni mwa mwaka 1961. Bibi Joy alikuwa ameandika kitabu juu yake mwaka 1960, na kitabu hicho kikaenea duniani kote, na sinema ikafuata.

Katika sinema ile, Bwana na Bibi Adamson wanaonekana kama mume na mke wanaopendana bila mawimbi. Waigizaji wake, Bill Travers na Virginia McKenna, walikuwa mume na mke kweli, na labda ndiyo sababu upendo ule ulionekana wazi usoni mwao. Muziki wake ulipata tuzo mbili za Oscar kule Marekani. Watu walitoka katika majumba ya sinema wakipangusa machozi.

Ndugu msikilizaji, nyumba yenyewe haikuwa hivyo.

Kwanza, jambo ambalo wengi hawalijui: Bibi Joy alikuwa mchoraji kabla hajawa mama wa simba. Alizaliwa mwaka 1910 katika mji wa Troppau, uliokuwa wakati ule chini ya milki ya Austria na ambao leo uko katika nchi ya Cheki, jina lake likiwa Friederike Victoria Gessner. Alikuwa bado mtoto wazazi wake walipoachana, akalelewa na bibi yake. Aliolewa mara ya kwanza mwaka 1935. Mumewe huyo alikuwa Myahudi, na kwa kuwa chuki dhidi ya Wayahudi ilikuwa ikizidi kule Ulaya, alimtuma mkewe Kenya mwaka 1937 kutazama kama wangeweza kuhamia huku. Melini alikutana na mwanaume mwingine, Peter Bally, Mswisi aliyekuwa mtaalamu wa mimea. Ndoa ya kwanza ikavunjika, na mwaka 1938 akaolewa na huyo. Ni Bally aliyempa jina la Joy, maana yake furaha, na ni yeye aliyemtia moyo kuchora maua ya nchi yetu. Mwaka 1944 aliolewa kwa mara ya tatu, na huyo wa tatu ndiye Bwana George.

Kipawa alikuwa nacho, hilo hatuwezi kumnyima. Mwaka 1949 serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuchora watu wa makabila ya Kenya katika mavazi yao ya jadi, maana mavazi yale yalikuwa yameanza kutoweka. Kwa miaka kadhaa alizunguka nchi, hata katika siku za hali ya hatari, akaketi mbele ya wazee, mashujaa, wanawali na waganga, akawachora mmoja mmoja. Alichora picha zaidi ya 500. Nyingi zimehifadhiwa na Makumbusho ya Taifa kule Nairobi, na ukipata nafasi ya kwenda, nenda ukazitazame. Ushanga umechorwa punje kwa punje. Kovu la shavuni halikusahauliwa. Mtu anaweza kuuliza kwa nini ilimpasa mgeni kutuchorea babu zetu kwa amri ya serikali ya kigeni, na ni swali la haki. Lakini nyuso zile zipo leo kwa sababu alizitazama kwa bidii.

Basi mtu huyu aliyeweza kuutazama uso wa mgeni mchana kutwa, nyumbani mwake mambo yalikuwaje? Waliowafahamu wameandika mengi. Alikuwa mwanamke wa moto, mwepesi wa hasira, mwenye maneno makali. Mimba zilimharibikia, na hakujaliwa mtoto. Mumewe alikuwa mtu wa kimya, mpenda pori, tena mpenda kiko na pombe kidogo. Ugomvi ulipowaka, alishika bunduki yake na kwenda safari. Baada ya Elsa kufa hawakupatana tena namna ya kuishi. Katika hifadhi ya Meru, yeye alikuwa na kambi yake akimlea duma aliyeitwa Pippa, na mumewe alikuwa na kambi nyingine na simba waliotumika katika sinema. Hebu fikiri: sinema inaonyeshwa London na New York, watu wanalia kwa ajili ya upendo wa nyumba hii, na wenye nyumba wako katika kambi mbili! Mwaka 1970 Bwana George alihamia Kora, karibu na Mto Tana, naye Bibi Joy alikuwa na nyumba yake kando ya Ziwa Naivasha. Talaka hawakupeana. Waliandikiana, walitembeleana mara moja moja, wakagombana, wakaagana. Mwaka 1999 ilitolewa sinema nyingine, To Walk with Lions, juu ya uzee wa Bwana George kule Kora, na hiyo haikuficha kwamba mke na mume hawakuwa wakikaa pamoja.

Sasa tuufungue Mwanzo 16. Hapa tena tunakuta nyumba yenye jina kubwa. Ibrahimu na Sara, ambao wakati ule waliitwa bado Abramu na Sarai, ni watu wa ahadi, na hawana mtoto. Sarai anamtoa kijakazi wake Hajiri kwa mumewe ili apate mtoto kwa njia hiyo. Hajiri anapata mimba, anaanza kumdharau bibi yake, na moto unawaka. Sarai anamwendea mumewe na uchungu wake wote. Naye Abramu, mtu aliyeziacha nchi na jamaa zake kwa imani, anafanya nini? Anamwambia mkewe kwamba kijakazi ni wake, amtende apendavyo. Basi. Hakuketi na mkewe kuusikia uchungu wake, wala hakumkinga yule mjamzito. Sisi wahubiri hupenda kumlaumu Sarai kwa ukali wake, na Hajiri kwa kiburi chake, na Abramu tunampitia kando kwa heshima. Lakini kimya chake kilifanya kazi kubwa siku ile.

Enyi akina baba, kimya cha namna hii tunakijua. Kuna mwanaume ambaye hajawahi kumpiga mkewe hata siku moja, na kwa hilo anajisifu, ila kila mazungumzo mazito yanapoanza huvaa koti na kwenda sokoni, na atarudi wote wamelala. Kuna mwingine anakaa Nairobi, anatuma pesa kwa simu kila mwezi bila kukosa, na kwa miaka mitatu hajamwuliza mkewe swali lolote isipokuwa kama ng'ombe amezaa. Na akina mama nao wana kambi yao: jikoni. Tumewaona wenzi wanaoketi Jumapili kanisani, baba kiti cha wazee, mama pamoja na Umoja wa Akina Mama, nao wote wanaimba vizuri; wakifika nyumbani mtoto ndiye posta. “Mwambie baba yako chakula kiko tayari.” “Mwambie mama yako nimeshiba.” Na baba yuko hapo hapo, mlango wa pili, amesikia kila neno. Mtoto huyo wa miaka 8 anabeba mzigo ambao hata mchungaji angeuona mzito.

Kule Tabaka, ndugu zetu wanaochonga mawe ya sabuni hutengeneza sanamu moja inayopendwa sana na wageni: mume na mke waliokumbatiana, wakati mwingine na mtoto katikati, wote kutoka jiwe moja. Ukiwatazama wakifanya kazi utaona kwamba kwa kawaida mwanaume ndiye anayechonga, na mwanamke ndiye anayesugua kwa msasa na maji, muda mrefu, mpaka mikwaruzo ya patasi ipotee. Jiwe hilo ni laini. Likianguka, linavunjika mara. Tena rangi ya kung'aa haipakwi kabla ya kusugua. Wako wanaojaribu, ili wauze haraka, na mnunuzi akifika nayo nyumbani anaona mikwaruzo yote chini ya rangi.

Turudi kwa Hajiri. Alitendwa vibaya, akakimbia jangwani akiwa na mimba. Malaika akamkuta penye chemchemi, akamwita kwa jina, akamwuliza ametoka wapi na anakwenda wapi. Katika sura nzima, ni hapa tu mtu anapomwuliza mwanamke huyu habari zake. Naye akampa Mungu jina, kwamba ni Mungu mwenye kumwona. Tunajua kwamba malaika alimwambia arudi, na tunajua pia neno hilo limetumiwa vibaya kumrudisha mwanamke aliyejeruhiwa kwa mume anayempiga. Sisi hatukubali. Kama unapigwa, ndugu yetu, toka, nenda kwa watu wako, mwone mchungaji, mwone chifu, nenda hospitali. Hajiri alirudi akiwa na ahadi ya Mungu mwenyewe mkononi. Wewe usirudishwe kwa maneno ya mashemeji.

Ugomvi wa Abramu na Sarai, basi, ulimwangukia mtumishi. Hapo ndipo maisha ya yule mchoraji yanapotutia hofu. Waliofanya kazi kwake wengi hawakudumu. Aliwafokea na kuwafukuza. Tarehe 3 Januari 1980, katika hifadhi ya Shaba, alikokuwa akimchunguza chui, aliuawa. Kwanza ilisemekana ameuawa na simba, na dunia ikaamini upesi. Baadaye mahakama ilimtia hatiani kijana aliyewahi kuwa mfanyakazi wake, baada ya ugomvi baina yao. Tusielewane vibaya: damu ni damu, na dhambi ya mwuaji ni ya mwuaji, wala ukali wa tajiri hauwezi kuwa ruhusa ya kisu. Lakini tunauliza, yule msichana anayelea watoto wako, yule kijana anayekukamulia ng'ombe, unaijua nyumba aliyotoka? Siku ambayo wewe na mwenzako mmekosana, ni nani anayefokewa kwa sababu ya chumvi?

Bwana George naye aliuawa, tarehe 20 Agosti 1989, akiwa na miaka 83. Majangili walikuwa wamemvamia mgeni wake njiani huko Kora, na mzee yule aliposikia milio ya risasi aliingia katika gari lake akaenda kumwokoa. Alikufa kwa ajili ya mtu mwingine, na tunasema hivyo kwa heshima. Amezikwa Kora, karibu na mdogo wake na mmoja wa simba wake. Majivu ya Bibi Joy yalitawanywa Meru, kwenye makaburi ya Elsa na Pippa. Mto Tana unapita katikati.

Muda wetu umekwisha, wapendwa. Leo jioni, kabla ya kulala, wewe uliye katika kambi yako vuka uende ile ya pili. Usiende na mashtaka. Uliza swali lile la malaika: umetoka wapi, na unakwenda wapi? Kisha nyamaza usikilize, hata kama jibu litakuwa refu, hata kama chai itapoa.

Na tuombe. Ee Bwana unayetuona, tunakutajia nyumba zenye kambi mbili, za hapa Kiogoro na za mbali. Mtazame mama aliyepoteza mimba na ambaye hakuna aliyemwuliza habari zake. Mtazame baba asiyejua aanzie wapi kusema. Mtazame mtoto anayebeba ujumbe kutoka mlango huu hadi ule, na mtumishi anayelala jikoni akisikia yote. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.