Pedali Ikilia, Usingoje Ivunjike

Mazungumzo na kikundi cha akina mama na vijana, Longisa

Wazee, akina mama, na ninyi vijana mliosimama kule mlangoni, ingieni ndani, nafasi ipo.

Leo hatuzungumzi juu ya mikopo wala mbolea. Tunazungumza juu ya kitu kidogo ambacho tunakikanyaga kila siku bila kukitazama, yaani pedali ya baiskeli. Najua kuna mtu anasema moyoni, "Siku hizi pikipiki zimejaa kila steji, baiskeli ni mambo ya zamani." Sawa. Lakini pikipiki inakunywa petroli kila siku, na petroli inataka pesa. Ile Black Mamba iliyoegemea ukuta wako haikuulizi pesa asubuhi. Inabeba maziwa, inabeba gunia la mahindi kwenda kusagwa, inabeba mtoto aliyechelewa shule. Inachoomba ni kuangaliwa tu.

Mama mmoja niliyemtembelea aliniambia hivi. Pedali ya kushoto ya baiskeli yao ililia wiki nyingi, kwa-kwa-kwa. Kijana aliendelea kuiendesha. Mwisho pedali ikachomoka na kuharibu thredi za mkono wake, ule ambao mafundi huita kranki. Basi haikuwa tena kazi ya gololi chache na grisi kidogo. Ilibidi wanunue kranki na pedali mpya, na asubuhi tatu maziwa yao hayakufika kwa mnunuzi. Maziwa hayangoji, si mnajua? Tena kijana alikuwa na bahati, kwa sababu pedali ilichomoka akiwa kwenye njia ya shamba. Ingekuwa kwenye barabara ya Bomet kwenda Narok, akiwa na malori nyuma yake, tungekuwa tunasema maneno mengine.

Kwa hiyo tujifunze. Kazi yenyewe ni ya saa moja au mbili, na si kazi ya wanaume peke yao. Mikono inayofuma kikapu inaweza kupanga gololi.

Ndani ya pedali kuna nini? Katikati kuna ekseli, ule mchuma unaoingia kwenye kranki. Pedali inazunguka juu ya ekseli hiyo kwa msaada wa gololi ndogo za chuma, ambazo dukani huitwa beringi. Ziko safu mbili: moja upande wa ndani karibu na kranki, na nyingine upande wa nje. Kila safu imekaa ndani ya kikombe cha chuma. Upande wa nje gololi zinazuiwa na koni, kisha kuna washa, kisha nati, na juu yake kofia ya kuzuia vumbi. Maji ya mvua na udongo wetu mwekundu vikiingia, grisi inageuka kuwa tope. Tope linasaga chuma, pole pole, kama jiwe la kusagia.

Dalili ni tatu. Pedali inalia. Pedali inacheza ukiishika na kuitikisa. Au inakwaruza ukiizungusha kwa mkono. Ukiona moja kati ya hizo, usingoje.

Tayarisha spana, bisibisi, mafuta ya taa kidogo, kitambaa, grisi, na beseni au kitambaa cheupe. Hicho cheupe ni cha maana, kwa sababu gololi ikianguka kwenye nyasi umeipoteza. Mafuta ya taa yasikaribie jiko. Na watoto wadogo wakae mbali, maana gololi inamezwa.

Kwanza, toa kofia ya nje. Hapa nyumbani wengi hatuna jiriwa, kwa hiyo tumia kranki ishike ekseli. Mtu mmoja azuie baiskeli, wewe ulegeze ile nati ya nje kidogo wakati pedali bado iko mahali pake. Usiitoe kabisa.

Pili, fungua pedali yenyewe kutoka kwenye kranki. Hapa ndipo watu wengi wanaharibu kitu. Pedali ya kulia inafunguka kama skrubu ya kawaida. Ya kushoto inafunguka kinyume. Ukilazimisha, unazidi kuikaza, na mwisho unaanza kuita nyundo. Shika neno hili: mbele hukaza, nyuma hulegeza. Simamisha spana ielekee juu. Ukiisukuma kuelekea gurudumu la mbele, unakaza. Ukiivuta kuelekea gurudumu la nyuma, unalegeza. Ni hivyo hivyo pande zote mbili.

Na kwa nini ya kushoto iwe kinyume? Si kosa la kiwanda. Uzito wa mguu unapozunguka, ekseli hujiviringisha kidogo kidogo ndani ya tundu lake, na thredi za kawaida upande wa kushoto zingejifungua zenyewe njiani. Wilbur na Orville Wright, wale ndugu wawili wa Marekani waliorusha ndege mwaka 1903, walikuwa mafundi wa baiskeli. Mwaka 1900 walitangaza pedali isiyojifungua, na dawa yake ilikuwa hiyo hiyo ya thredi za kinyume upande wa kushoto. Vijana, mnaona? Watu walioanza na spana ya baiskeli walifika angani.

Tatu, juu ya kitambaa cheupe, maliza kutoa nati, washa na koni. Vuta ekseli pole pole. Hesabu gololi za nje, kisha za ndani, na uziweke mbali mbali. Andika hesabu kwenye karatasi, usitegemee kichwa.

Nne, osha kila kitu kwa mafuta ya taa, kisha kausha kabisa. Hakuna mama hapa anayemimina maziwa mapya ndani ya kibuyu cha mursik ambacho hakijasafishwa. Na grisi ni vivyo hivyo. Kupaka grisi mpya juu ya tope la zamani ni kupoteza grisi.

Tano, kagua. Gololi nzima inang'aa kama kioo. Iliyochoka ina vishimo au imefifia. Ukipata mbaya hata moja, badilisha zote za pedali hiyo. Usichanganye mpya na kuukuu, kwa sababu zile mpya ni kubwa kidogo na zitabeba mzigo peke yao. Nenda dukani na gololi ya zamani iliyo nzima kidogo ili ulinganishe. Pedali nyingi hutumia ya inchi 5/32, karibu milimita 4, lakini si zote, kwa hiyo pima. Tazama pia koni, na njia ya gololi kwenye ekseli na vikombe. Koni ikiwa na mashimo, nunua nyingine. Ekseli ikiwa imepinda, au kikombe kimeliwa, hapo usijidanganye. Nunua pedali mpya.

Sita, rudisha. Jaza grisi ndani ya kikombe, kisha bandika gololi moja moja, grisi itazishika. Rudisha hesabu ile ile uliyoandika. Usishindilie moja zaidi ati ziwe imara, zinahitaji nafasi kidogo ya kuzunguka. Ingiza ekseli, panga gololi za nje, kaza koni kwa vidole, weka washa na nati. Rudisha pedali kwenye kranki ukianza kwa vidole, ukiwa umepaka thredi grisi kidogo. Yenye alama R ni ya kulia, yenye L ni ya kushoto. Ukizibadilisha utaharibu kranki.

Sasa rekebisha koni. Pedali isicheze, na isikwaruze. Ukikaza nati ya mwisho, koni huenda ikasogea, basi jaribu tena mpaka iwe sawa. Halafu rudisha kofia. Pedali bila kofia ni nyumba bila mlango.

Mtu ameniuliza kama mafuta ya kupikia yanafaa. Hapana. Yanaganda na kukusanya vumbi. Oili iliyotolewa kwenye injini nayo ni chafu na inatiririka nje. Tafuteni grisi. Na mkinunua pedali, ulizeni ile inayofunguka. Zipo za plastiki ambazo hazifunguki, zikichoka ni za kutupa.

Fanyeni kazi hii mara mbili kwa mwaka, kabla ya mvua ndefu ya Machi na baada yake. Kama spana na mkebe wa grisi ni mzigo kwa nyumba moja, nyumba kumi zinaweza kununua pamoja. Vikae kwa mwanachama mmoja, na kuwe na daftari la kuandika nani amechukua na lini amerudisha. Wasichana wafundishwe pamoja na wavulana, maana wao pia hutumwa na baiskeli.

Jioni ya leo, kabla giza halijaingia, kila mmoja ashike pedali za kwake azitikise. Zikicheza, anajua la kufanya. Jumamosi leteni zile zinazolia hapa uwanjani, tufungue pamoja.