Kidonge cha Rafiki: Maneno kwa Wazazi na Walezi



Wengi wenu mlipitia Nyarugusu au Kakuma kabla ya kufika hapa Marekani, na huko mlizoea kwamba mwenye dawa humgawia jirani asiye nayo. Wema huo hatuulaumu. Lakini humu nchini ziko dawa zinazopita mkono kwa mkono kwa wema uo huo, nazo zinawadhuru vijana wetu.

Tunazungumzia dawa za kuchangamsha ubongo ambazo daktari huwaandikia wenye hali iitwayo ADHD, yaani wale wanaoshindwa kutulia na kukaza fikira mahali pamoja. Majina yanayosikika sana ni Adderall, Ritalin na Concerta. Kwa mgonjwa aliyepimwa na anayefuatiliwa, dawa hizi zina manufaa makubwa. Mzazi ambaye mtoto wake ameandikiwa asizikatize kwa sababu ya hotuba yetu.

Kijana anayezimeza bila cheti cha daktari, aghalabu amezipata kwa rafiki, binamu au mwenzake wa bwenini, tena katika juma la mitihani. Huenda ni yule yule mnayejivunia, anayekesha na vitabu ili asiwaangushe. Je, kidonge humwongezea akili? Humnyima usingizi na kumfanya ajione hodari. Tafiti kwa wanafunzi wasio na ADHD zimeonyesha faida ndogo mno, au hakuna kabisa, ilhali wao wenyewe huamini wamefanya vizuri. Na yaliyosomwa hukazwa katika kumbukumbu wakati wa kulala, usingizi ule ule aliouuza. Moyo huenda mbio, shinikizo la damu hupanda, wasiwasi huingia. Akichanganya na pombe hahisi amelewa, basi huendelea kunywa.

Mei 2023 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliagiza onyo la kisanduku, lililo zito kuliko yote yawekwayo kwenye maelezo ya dawa, lilinganishwe kwa dawa zote za kundi hili. Onyo hilo linataja matumizi mabaya, uraibu na hatari ya kugawiana.

Linalotutia hofu zaidi ni soko la mitandao ya kijamii. Oktoba 2022 FDA ilitangaza kwamba Adderall imeadimika, na anayekosa dukani hushawishika kutafuta kwingine. Vidonge bandia huigwa rangi na chapa hata jicho lisiweze kuvitofautisha. Ndani yake mna methamfetamini, au fentanili, ambayo kidonge kimoja chake chaweza kuua. Ukimkuta mtoto haamki, anapumua kwa shida, midomo imebadilika rangi, piga 911 mara moja, kisha mpulizie naloksoni puani. Dawa hiyo huzuia fentanili, haimdhuru asiyeitumia, na tangu 2023 huuzwa bila cheti. Msichelewe kwa kuogopa polisi: majimbo mengi yana sheria za kumkinga anayeomba msaada.

Kuhusu sheria, jambo moja ambalo familia nyingi hazilijui. Kumpa mwenzako kidonge hiki, hata bila senti moja, huhesabiwa kuwa ni kusambaza dawa inayodhibitiwa. Kwa asiye raia, hukumu ya kosa la dawa za kulevya yaweza kuvuruga ukaazi wake, au hata kumrudisha alikotoka. Kijana aliyeandikiwa dawa kihalali husihiwa na wenzake kila siku. Mfundisheni jibu la kuwapa. Hata “mama huvihesabu” latosha, mradi mama avihesabu kweli.

Basi vihesabuni kila juma, vifungieni, na vilivyobaki virudisheni kwenye duka la dawa lenye sanduku la kupokelea. Mkigundua mtoto amekwisha kutumia, tunawaomba msianze kwa fimbo wala kwa aibu mbele ya ndugu. Mwulizeni amepata wapi, amemeza vingapi, na ni somo gani linalomshinda. Kwa swali lolote la sumu au dawa, nambari 1-800-222-1222 hujibiwa usiku na mchana, bila malipo. Semeni “Swahili” mpewe mkalimani.

Mfamasia yuko nasi mezani kule nyuma. Mliokuja na chupa za dawa, mwonyesheni.