Kidole cha Mutombo, Jembe la Bugobogobo

Msikilizaji wa Kasoli na Bariadi yote, kijana akinyoa kiduku na kuanza kushinda na jezi pana ya mpira wa kikapu, wazee husema mchezo umeshamharibu. Sikubaliani nao. Mtindo wa mchezaji hautuambii kama ameharibika. Tutazame nguvu zake anazitumia kwa kazi gani, na jasho lake linamfikia nani nyumbani.

Dikembe Mutombo aliondoka Kinshasa mwaka 1987 kwenda kusoma Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, akikusudia kuwa daktari. Kikapu kikamchukua, na mwaka 1991 akaingia NBA, ligi ya kikapu ya Marekani. Huko alijulikana kwa ishara moja: akishaupangua mpira wa mpinzani, alitikisa kidole kumwambia hapa hupiti. Waamuzi walimwadhibu kwa kuwadhihaki wenzake, naye akakigeuzia mashabiki. Wapo walioona majivuno matupu. Lakini mara 4 alitunukiwa kuwa mlinzi bora wa ligi, na ulinzi ndiyo kazi ngumu ambayo wachezaji wengi huikwepa kwa sababu sifa huenda kwa wafungaji. Mama yake, Biamba Marie, alifariki Kinshasa wakati wa machafuko, baada ya kushindikana kumfikisha hospitali. Mwanawe alitoa mamilioni ya dola zake na kuongoza ujenzi wa hospitali ya vitanda 300 yenye jina la mama huyo, ikaanza kutibu wagonjwa mwaka 2007. Watoto 4 wa ndugu za mkewe waliotangulia mbele ya haki aliwalea pamoja na wake wa kuwazaa. Mtu wa namna hiyo utamwitaje mhuni kwa ajili ya kidole?

Nitaambiwa Mutombo ni mmoja tu, na kwamba wetu, Hasheem Thabeet, alikwama. Ni kweli kijana huyo wa Dar es Salaam, mwenye futi 7 na inchi 3, alichaguliwa wa 2 na timu ya Memphis Grizzlies katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA mwaka 2009, mbele ya James Harden na Stephen Curry, na msimu huohuo akapelekwa kwa muda kwenye ligi ya chini. Lakini alianza kucheza akiwa na umri wa miaka kama 15 hivi, wakati wenzake wa Marekani wamekua na mpira mikononi. Hapo mimi naona kuchelewa kwetu sisi, tusiokuwa na viwanja shuleni, zaidi ya udhaifu wake. Na NBA ilipomwishia alikwenda kucheza Japani, kisha Taiwani. Aliendelea kuishi kwa kazi yake.

Hoja yenye uzito zaidi ni ya mkulima: pamba haipaliliwi kwa kudunda mpira, na wengi wa vijana hawa hawatalipwa hata shilingi kwa kucheza. Nakubali, ndiyo maana shule isiachwe. Mutombo na Thabeet wote walipitia vyuo vikuu. Lakini Wasukuma ndio watu wa mwisho kudai kwamba madoido hayakai nyumba moja na kazi. Vyama vyao vya ngoma, Bagika na Bagalu, vimekuwa vikishindana baada ya mavuno kwa nyimbo, mavazi na mbinu za kuvuta watazamaji, na mcheza ngoma ya bugobogobo hulirusha jembe juu, akalidaka kwa mbwembwe, jembe lilelile la shambani. Hakuna anayemfukuza kwenye ukoo. Mzee aliyemshangilia manju uwanjani ana kila sababu ya kumvumilia mjukuu mwenye kiduku, ilimradi anasoma na anashika jembe zamu yake ikifika.

Kwa hiyo ombi langu kwa kamati za shule za hapa ni kiwanja: ardhi iliyosawazishwa, nguzo 2, mbao na pete za chuma ambazo fundi wetu wa kuchomelea anaziweza. Na wasichana wapewe zamu yao tangu siku ya kwanza, wakiwa bado wadogo.