Maji ya Mvua Tunayoyaacha Yapite



Baba Askofu, mapadre, masista, walimu, wazee wetu na akina mama: katika sikukuu hizi za jubilei tumesikia habari nyingi za makanisa na shule zilizojengwa. Sisi makatekista tumeombwa tunene juu ya mashamba, nasi tumechagua habari za maji. Maana sisi ndio tuzungukao vigangoni, na mwezi wa Septemba twawakuta akina mama njiani na ndoo kabla jua halijatoka, hata mafundisho ya asubuhi hayana wasikilizaji.

Labda mgeni atashangaa kusikia habari za ukame chini ya milima ya Uluguru. Katika misitu ya upande wa mashariki mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na mto Ruvu hushuka kutoka huko ukaenda kuwanywesha watu wa Dar es Salaam. Lakini milima huizuia mvua ile isivuke. Ukishuka upande wa machweo, kwenda Melela na Mkata, waona mahindi yananyauka, hali mawingu yamekaa juu ya vilele, nawe wayatazama kwa macho tu. Wala si kwamba mvua hainyeshi kabisa. Huja kwa kishindo siku chache, hushuka korongoni pamoja na udongo wetu, na baada ya juma moja ardhi ni kavu kama jana.

Tuanze na paa la kanisa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Basi kanisa la kigango lenye paa la bati la mita 20 kwa 10, mahali penye mvua ya milimita 700 kwa mwaka, hupokea lita 140,000. Toa sehemu ya tano kwa yanayoruka na kupotea, hubaki lita 112,000, yaani ndoo 5,600 za lita 20. Hizo zote twaziacha zichimbe shimo chini ya ukuta! Yahitajika mfereji wa bati pembeni mwa paa na birika la saruji lenye mfuniko, ili mbu wasizae. Maji ya mvua ya kwanza yamwagwe, maana ndiyo yaoshayo vumbi na mavi ya ndege. Birika halitashika mvua ya mwaka mzima, wala halitanywesha shamba la mahindi. Lakini kitalu cha miche na bustani ya mchicha ya shule vitapona.

Sasa tuje shambani. Tukisema, “Kingeni maji,” twajua wazee watajibu nini: matuta. Mwaka 1950 Serikali ya Kiingereza ilianza mpango wa ardhi ya Uluguru, ikawalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi milimani. Udongo wa juu wenye rutuba ukafukiwa, ule wa chini usio na nguvu ukawekwa juu, na mavuno yakapungua. Tena watu waliihofia ardhi ya ukoo, ambayo kwa Waluguru hufuata upande wa mama. Julai 1955 fujo ilizuka Matombo, mtu mmoja akapoteza maisha, na mpango ukaachwa. Hatuwalaumu wazee hata kidogo. Waliujua udongo wao kuliko waliowaamuru. Lakini tazameni Mgeta. Huko matuta yalidumu, kwa kuwa watu walikuwa na mifereji ya maji, na kabichi na viazi vya kuuza; kazi ililipa.

Tunaloliomba ni jingine. Katika miteremko midogo chimbeni mtaro ukatao mteremko, udongo mkiutupa upande wa juu. Ndiyo maana wakulima huuita “fanya juu”. Juu ya tuta pandeni mabingobingo, mpate na chakula cha mbuzi. Usawa hupimwa kwa miti mitatu iliyofungwa kama herufi A, na kamba yenye jiwe. Mwalimu wa hesabu aweza kuwafundisha watoto kwa asubuhi moja. Penye mlima mkali na udongo mwembamba msichimbe mitaro hiyo, kwani maji yakizama kwa wingi ardhi huporomoka. Hapo afadhali miti.

Limebaki jambo la ufunguo. Mmesoma jinsi Isaka alivyovifukua visima vya baba yake, na wachungaji wa Gerari wakamgombania. Birika la kanisa laweza kuleta ugomvi uleule: Je, mama Mwislamu aliye jirani atateka? Sisi twasema atateka, kwa zamu yake kama wengine. Tena ufunguo usikae kwetu makatekista, wala kwa padre. Wakae nao akina mama wawili waliochaguliwa na kijiji chote, na hesabu ya ndoo isomwe kila mwezi mbele ya watu. Hayo yapatanwe kabla ya Oktoba, mafundi wapate kufunga mifereji kabla ya vuli.