Mzee wa Zamani na Mkutano wa Kijiji



Tukipita vijijini Mbeya na Iringa, hatukosi mzee wa kutuambia: "Zamani mtu alimjua mkubwa wake, na shauri likikatwa barazani limekwisha. Leo mnachagua watu, kisha hamwaoni tena."

Tusimcheke mzee huyu. Nusu ya maneno yake ni kweli. Lakini kwa adabu tumkumbushe nusu ya pili. Chini ya Mwingereza, chifu alikusanya kodi na kujibu mbele ya Bwana Shauri, si mbele ya mkulima aliyeilipa. Chifu Adam Sapi Mkwawa wa Uhehe mwenyewe alishika kazi mpya: mwaka 1962 akawa Spika wa Bunge. Mwaka 1963 sheria ikaondoa utawala wa machifu.

Na sisi tusijifiche. Mwaka 1972 serikali yetu wenyewe ilifuta halmashauri za wilaya. Hazikurudi mpaka mwaka 1984. Miaka 12 amri zilitoka juu. Hapo mzee alikuwa na haki ya kunung'unika.

Lakini sheria ya mwaka 1982 imetupa mkutano mkuu wa kijiji, na kila mkazi mwenye miaka 18 ni mjumbe. Siku ya mkutano tusibaki vilabuni. Twende, tumkalishe mzee mbele, tudai hesabu ya mapato na matumizi isomwe hadharani. Mkubwa asiyeonekana ataonekana akiulizwa.

Heshima ni ya wazee. Amri ni ya watu wote.